Jina la Mkimbizi Ni Sharti, Ulinzi Wake Ni Ushauri

Katikati ya Oktoba 2020 mashua zilianza kutia nanga kwa wingi Paquitequete, mtaa wa wavuvi ulio kwenye ncha ya mji wa Pemba, katika jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji. Zilisheheni watu waliokimbia Macomia, Quissanga, Mocímboa da Praia na visiwa vya Kirimba. Mji wa Mocímboa ulikuwa mikononi mwa wapiganaji waasi tangu Agosti 12 mwaka huo. Katika wiki chache tu zaidi ya watu 10,000 walifika kwa njia ya bahari, na wenyeji wa Paquitequete, ambao wenyewe hawakuwa na kitu, wakawapokea majumbani.

Ili upate mgao wa chakula, turubai au sufuria, ilibidi uandikwe. Anayeandikwa hutoa jina, umri, idadi ya watu wa kaya yake, kijiji alikotoka, namba ya simu kama anayo, nani ni mjamzito, nani ni mlemavu, nani amempoteza mume. Mifumo mingine huongeza picha na alama za vidole. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lina mfumo wake uitwao SCOPE. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huhesabu waliohama. Idara ya serikali ya maafa, INGD, ina orodha zake. Na katibu wa mtaa ana daftari lake la karatasi. Kufikia mwishoni mwa 2022, idadi ya waliokimbia makazi yao kaskazini mwa Msumbiji ilipita watu milioni moja. Hao wote wameacha majina yao mahali fulani, wengi wao zaidi ya mahali pamoja.

Vita vya Cabo Delgado vimeandikwa sana kwa habari ya bunduki na gesi. Makala hii inahusu jambo lisilo na mlio: karatasi zinazosema jinsi orodha hizo zinavyopaswa kutunzwa. Ukizipanga mezani utaona kitu ambacho kwangu si cha bahati. Karatasi inayomwamuru mkimbizi atoe taarifa zake ni ya lazima. Zile zinazomwambia mwenye orodha azitunzeje, nyingi ni za ushauri.

Wataalamu wa usalama wa taarifa huzitenganisha nyaraka za namna hizi mbili kwa makini. Juu kabisa kuna sera, yaani tamko fupi la wakubwa lisilojadiliwa. Chini yake kuna viwango na taratibu, ambavyo navyo hufuatwa, na atakayekiuka huulizwa. Kisha inakuja miongozo, ambayo husema njia iliyo nzuri na kumwachia msomaji aamue. Kiwango cha kimataifa cha ISO 27001 ni cha masharti, na shirika linaweza kukaguliwa na kupewa cheti kwa kukitimiza. Ndugu yake, ISO 27002, anaeleza mambo yale yale kwa urefu na kwa mifano, lakini ni mshauri tu, wala hakuna anayepewa cheti kwa kumsikiliza. Mgawanyo huo una maana yake. Mambo yote yakiwa lazima, watu huchoka na kuanza kuvunja hata yale yaliyo muhimu. Yote yakiwa ushauri, hakuna wa kuulizwa siku mambo yakiharibika.

Pwani hii haikuanza juzi kuandika. Katika karne ya 19 masheikh na wakuu wa Quissanga na Tungi waliandikiana na maofisa wa Kireno kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na sehemu ya barua hizo imehifadhiwa Maputo hadi leo. Kilichokuja baadaye ni kuandikwa. Kampuni ya Niassa, iliyopewa mkataba na Ureno mwaka 1891 ikatawala Cabo Delgado na Niassa hadi 1929, iliishi kwa kodi ya nyumba na kwa kukusanya watu wa kazi. Kila nyumba iliyohesabiwa ilidaiwa, na mwanamume aliyejulikana jina lake aliweza kuchukuliwa. Watu wengi waliitikia kwa kuvuka Ruvuma kuingia Tanganyika. Baadaye ikaja pamba ya kulazimishwa, na kisha, wakati wa vita vya ukombozi, vijiji vya kukusanyia watu chini ya ulinzi wa jeshi la Kireno. Mzee wa Mueda au wa Palma anayesita karani anapofungua daftari hana ujinga wowote. Ana kumbukumbu.

Na leo kuna sababu mpya za kusita. Orodha ya watu waliotoka kijiji fulani, yenye majina ya wanaume vijana na namba zao za simu, ina thamani kwa pande zaidi ya moja katika vita vya aina hii. Askari anayewatilia shaka vijana wa Mocímboa angependa kuiona, na mpiganaji anayetafuta nani alishirikiana na serikali pia. Hata pasipo na bunduki, orodha ni mali. Malalamiko ya watu wanaoambiwa majina yao hayapo, au wanaodaiwa fedha ili yawepo, yamesikika mara nyingi katika wilaya zilizopokea wakimbizi.

Madhara ya orodha si lazima yaje kwa kishindo. Kaskazini mashariki mwa Kenya, familia za Wakenya zilizobanwa na ukame zilijiandikisha kama wakimbizi kambini ili zipate chakula na shule. Watoto wao walichukuliwa alama za vidole pamoja nao. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, kompyuta ilisema ni wageni. Maelfu waliishi hivyo kwa miaka, raia ndani ya nchi yao wasioweza kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Orodha ilifanya kazi yake sawasawa, ila kwa matumizi ambayo mama wa mtoto hakuwahi kuambiwa siku ile alipokuwa akitafuta unga.

Sasa tuzitazame karatasi zenyewe. Tangu 2010, mwaka wa ghasia za bei ya mkate Maputo zilizoitishwa kwa ujumbe wa simu, Msumbiji imelazimisha kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe. Hilo ni sharti, na asiyelitimiza hukatiwa laini. Kwa aliyepoteza kitambulisho njiani wakati akikimbia, sharti hilo huzaa mengine: hana kitambulisho, hana laini kwa jina lake, hana M-Pesa wala e-Mola ya kupokelea msaada wa fedha. Ndiyo maana Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, lilijiingiza katika kazi ya kuwasaidia waliohama wapate upya vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho.

Upande wa pili wa meza, Katiba ya Msumbiji ya 2004 ina ibara ya 71 inayogusa matumizi ya kompyuta na taarifa za watu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2017 ina vifungu kuhusu taarifa binafsi. Nchi iliridhia pia Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mitandao na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa 2014. Mkataba huo ulisubiri nchi 15 ziuridhie, ukaanza kutumika Juni 8, 2023. Lakini sheria kamili yenye tume yake, yenye adhabu na mlango wa kupelekea malalamiko, kama ile ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, haikuwepo katika miaka yote iliyokuwa mikali zaidi, kuanzia shambulio la Mocímboa la Oktoba 5, 2017 lililofungua vita hivi. Yaani watu milioni moja waliandikwa wakati sharti la kuandikwa likiwa limekomaa na sharti la kuwalinda likiwa bado changa.

Hata sheria ingekuwepo, sehemu kubwa ya orodha iko mikononi mwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambayo yana kinga chini ya mkataba wa 1946. Hayashtakiwi katika mahakama ya Pemba. Sheria yao ni sera zao wenyewe. UNHCR ilitoa sera ya kulinda taarifa binafsi za watu inaowahudumia Mei 2015, nayo ni ya lazima kwa wafanyakazi wake. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2018, ukafuata mwongozo mrefu wa kufafanua jinsi ya kuitekeleza, na Desemba 2022 ikaja sera pana zaidi. IOM ina kanuni zake tangu 2009. Mashirika yote ya misaada kwa pamoja, kupitia kamati yao ya IASC, yalitoa Februari 2021 mwongozo wa uwajibikaji katika taarifa, ukafanyiwa marekebisho Aprili 2023. Ni mwongozo mzuri kweli: unataka orodha zipangwe kwa kiwango cha hatari yake, na mashirika yakubaliane kwa maandishi nani atampa nani nini. Lakini ni mwongozo. Shirika dogo la Pemba lililopewa kazi ya kuandikisha kaya mia tano kabla ya Ijumaa linaweza kuuweka kando bila kuvunja chochote.

Hapa kuna mtego, na wapenzi wa masharti huuangukia kila mara: kudhani kwamba dawa ni kugeuza kila ushauri kuwa amri. Shirika la Human Rights Watch lilieleza Juni 2021 kwamba taarifa za Warohingya walioko Bangladesh, walau majina 830,000, zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na kwamba UNHCR haikufanya tathmini kamili ya athari kama sera zake zinavyotaka. UNHCR ilijitetea kwamba watu walielezwa na kuombwa ridhaa. Hata ukichukua maneno ya upande wowote, jambo moja linabaki: sera ya lazima ilikuwepo tayari, ina miaka kadhaa. Aliyepaswa kuisimamia ndiye aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi.

Mfano wa Msalaba Mwekundu unaumiza zaidi kwa sababu ndani ya shirika hakuna aliyefanya hila. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, ina kanuni zake za taarifa binafsi tangu 2015, na ndiyo iliyochapisha kitabu cha ulinzi wa taarifa ambacho mashirika mengine husomea. Januari 18, 2022 iligundua kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika seva zake tangu Novemba 9 ya mwaka uliotangulia. Walifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 kutoka vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi zisizopungua 60: watu waliopotezana na jamaa zao, wafungwa, wakimbizi, yaani wale ambao huduma ya kuunganisha familia huwatafuta. Mlango uliotumika ulikuwa udhaifu katika programu ya kusimamia manenosiri. Kampuni ya programu ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba, na ICRC ilikiri hadharani kwamba haikulisakinisha kwa wakati. Kusakinisha masasisho ni sharti katika kila ofisi inayojiheshimu. Kati ya wadukuzi kuingia na shirika kugundua, siku 70 zilipita.

Naupenda ukweli wa ICRC katika jambo lile. Ilieleza kilichotokea, kwa tarehe, na bila kujificha nyuma ya sera yake nzuri. Mashirika mengi yangetoa taarifa ya kurasa tatu kuhusu jinsi yanavyothamini faragha.

Tofauti ya kweli kati ya waraka wa lazima na wa ushauri, basi, haikai ndani ya waraka wenyewe. Inakaa kwa mtu anayekuja kuuliza. Marekani, kupitia taasisi yake ya viwango, NIST, ilitoa 2014 mfumo wa usalama wa mitandao kama hiari kwa makampuni. Mwaka 2017 rais akaamuru idara zote za serikali ya shirikisho ziutumie. Sentensi ndani ya mfumo hazikubadilika; kilichoongezwa ni mkuu wa idara anayeulizwa. Wafadhili nao wana uwezo huo. Mwongozo wa IASC ukitajwa katika mkataba wa ruzuku, pamoja na haki ya kukagua, asubuhi yake umekuwa sharti kwa shirika dogo la Pemba, hata kama jalada bado linauita mwongozo.

Mkataba peke yake pia hautoshi, na Afungi, peninsula ya gesi kusini mwa mji wa Palma, inatufundisha hilo katika jambo la usalama wa aina nyingine. Makampuni ya mafuta na madini yana Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu tangu 2000. TotalEnergies ilizipeleka kanuni hizo hadi ndani ya makubaliano yake na serikali kuhusu kikosi cha askari waliolinda mradi. Hiari ikawa sehemu ya makubaliano, na posho ya askari ikafungamanishwa na mwenendo wao. Mwaka 2023 Jean-Christophe Rufin, daktari na mwanadiplomasia wa Kifaransa aliyeombwa na kampuni hiyo hiyo kutazama hali, alishauri uhusiano wa moja kwa moja na jeshi ukomeshwe. Kampuni haiwezi kuwa msimamizi wa mienendo ya jeshi la nchi. Vivyo hivyo mfadhili aliyeko Brussels hawezi kujua faili gani limetumwa kwa WhatsApp jana usiku kutoka wilaya ya Metuge.

Na faili hutumwa kweli, kwa sababu zinazoeleweka. Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika mji mzima. Mwandikishaji mwenye sharti linalosema orodha ihifadhiwe kwenye seva tu angefanya nini pale? Sharti lisilo na mlango wa dharura humfanya mtu mwaminifu awe mkosaji wa siri. Ataandika kwenye karatasi, ataingiza baadaye kwenye simu yake binafsi, atanyamaza, na shirika litaamini kwamba kanuni yake inafuatwa. Waraka wa lazima ulioandikwa na mtu anayejua pwani hii hueleza nani anaruhusiwa kutoa idhini ya kukiuka, kwa muda gani, na ikishaisha hiyo karatasi inakwenda wapi. Ukiniuliza, kifungu cha idhini ndicho cha kwanza kusoma katika sera yoyote. Kama hakipo, huenda aliyeiandika hajawahi kuishiwa chaji.

Kinachostahili kuwa sharti ni kidogo. Usiulize usichokihitaji: kama unagawa ndoo, kabila la mtu halikuhusu. Usibandike ukutani orodha yenye zaidi ya jina na namba ya mgao. Usimpe orodha nzima mtu ambaye hamjaandikiana naye kwa nini anaihitaji, awe mkuu wa wilaya, afisa wa jeshi au shirika rafiki. Mwenye jina aambiwe, kwa Kimwani au Kimakonde au Kimakua na si kwa Kireno cha fomu, taarifa zake zinakwenda kwa nani, na aweze kukataa alama za vidole bila kukosa chakula. Ikivuja, mwenye jina aambiwe kabla ya mfadhili. Mengine, aina ya programu, urefu wa nenosiri, kama utumie Kobo, programu ya kujazia fomu, au karatasi ya miraba, yanaweza kubaki ushauri. Wilaya ya Ibo isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuendeshwa kama ofisi ya Geneva, wala haina haja.

Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni la kufuta. Mocímboa ilikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji, na tangu hapo watu wamekuwa wakirudi, wengine wakikimbia tena, wakiandikwa kwenda na kuandikwa kurudi. Kila zamu ina orodha yake. Kanuni karibu zote, za sheria na za hiari, husema taarifa zisikae zaidi ya muda wa kazi iliyozikusanya. Shida ni kwamba kazi ya msaada haitangazi siku ya kwisha. Mradi hufungwa, wafanyakazi huondoka, kompyuta hugawiwa ofisi nyingine. Na pale ambapo sharti la kutunza lipo, linaweza kuelekea upande wa pili kabisa: sera ya UNHCR ya 2015 inasema kwamba jalada la mtu mmoja mmoja, liwe bado wazi au limefungwa, ni kumbukumbu ya kudumu. Kuna sababu za kufanya hivyo. Mkimbizi anaweza kuhitaji kuthibitisha miaka ishirini baadaye alikuwa nani na alitoka wapi. Ila yule anayeandikwa akiwa na watoto wanne mgongoni na mkononi haelezwi kwamba fomu moja itaishi miezi sita na nyingine itawazidi umri wajukuu wake, naye huweka kidole bila kujua.